Moshi wa Viwanda: Kiwanda Kinatakiwa Kufanya Nini, na Mkazi Ana Haki Gani

Katika maeneo ya Changamwe, Jomvu na Miritini, nyumba za watu na viwanda vimepakana ukuta kwa ukuta. Hewa inayotoka kwenye mabomba ya moshi inasimamiwa na sheria, na viwango vyake hupitiwa upya kadiri utaalamu wa afya unavyoendelea. Kwa hivyo kiwanda kilichotimiza masharti miaka michache iliyopita hakina hakika ya kuyatimiza leo. Makala haya yanaeleza wajibu wa kiwanda, nani anayekikagua, na hatua anazoweza kuchukua mkazi.

Viwango havikai palepale

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Msingi wa utekelezaji wake ni Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka wa 2015. Mwaka wa 2014 zilitolewa Kanuni za Ubora wa Hewa, zilizoweka viwango vya moshi, gesi na vumbi, na kuvitaka viwanda vinavyotoa uchafu hewani viwe na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA).

Wakati huohuo, utafiti wa afya umeendelea kuonyesha kwamba hata uchafu kidogo hudhuru. Mwaka wa 2005 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba wastani wa vumbi laini kwa mwaka usizidi maikrogramu 10 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Mwaka wa 2021 lilishusha kiwango hicho hadi 5. Ushauri huo si sheria ya Kenya, lakini unaonyesha mambo yanakoelekea. Meneja anayenunua mtambo wa kuchuja moshi unaotosha kwa kipimo cha leo tu huenda akalazimika kununua mwingine kabla ule wa kwanza haujachakaa.

Vumbi laini linalozungumziwa hapa ni chembe zenye upana usiozidi maikroni 2.5, nyembamba kuliko unywele wa mtu kwa takriban mara 30. Huingia hadi ndani kabisa ya mapafu na kufika kwenye damu.

Wajibu wa kiwanda

Kazi ya kwanza ni kujua uchafu unatoka wapi. Mara nyingi bomba kuu ndilo linaloangaliwa peke yake, ilhali vumbi jingi hutoka kwenye malighafi iliyorundikwa wazi, mikanda ya kusafirishia mizigo na barabara za ndani zisizonyunyizwa maji.

Pili ni kupima. Vipimo vya moshi hufanywa na maabara zilizoidhinishwa na NEMA, wala si kwa makadirio ya fundi wa kiwanda.

Tatu ni kudhibiti. Vumbi la saruji au la chuma hunaswa kwa vichujio vya mifuko. Gesi za salfa hupunguzwa kwa kuuosha moshi kwa maji yenye chokaa, au kwa kutumia mafuta yenye salfa kidogo. Mitambo hii haina faida bila matengenezo. Mfuko mmoja uliotoboka unaweza kupitisha vumbi usiku kucha huku cheti cha kiwanda kikiwa bado hakijaisha muda wake.

Nne ni kuweka kumbukumbu na kufanya ukaguzi wa mazingira kila mwaka, kisha kuwasilisha ripoti kwa NEMA. Kumbukumbu ndizo humwezesha mkaguzi kujua kama hitilafu ni ya siku moja au ni mazoea.

Hapa Pwani majira ya upepo nayo yana uzito. Kaskazi inapovuma, kati ya Desemba na Machi, moshi husukumwa kuelekea kusini-magharibi. Kusi inapoingia, moshi huohuo huelekea kaskazini-magharibi na kuangukia mtaa mwingine. Kipimo cha hewa ya mtaani kilichochukuliwa msimu mmoja pekee hakisemi lolote kuhusu wakazi wa upande wa pili.

NEMA au Kaunti?

Wakazi wengi hawajui wapeleke wapi malalamiko. NEMA ndiyo inayotoa leseni ya moshi na kusimamia ukaguzi wa mazingira. Jedwali la Nne la Katiba nalo linazipa serikali za kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyinginezo za umma. Kaunti hutoa idhini ya ujenzi na ya kubadilisha matumizi ya ardhi, na ndiyo hutoa leseni ya biashara. Maafisa wake wa afya ya umma wanaweza kuagiza kero iondolewe chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Hewa wanayovuta wafanyakazi ndani ya kiwanda inaangaliwa na idara ya kitaifa ya usalama na afya kazini.

Funzo la Owino Uhuru

Mombasa inajua gharama ya usimamizi unaochelewa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi kilianza kazi kando ya mtaa wa Owino Uhuru mwaka wa 2007, na kikafungwa mwaka wa 2014 baada ya wakazi kulalamika kwa miaka mingi. Wakazi walikwenda mahakamani. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikizitwika taasisi za umma sehemu ya lawama pamoja na wenye kiwanda. Baada ya rufaa, Mahakama ya Juu iliirejesha fidia hiyo Desemba 2024.

Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini, na watoto wadogo ndio huumia zaidi. Fidia haiwezi kuitoa sumu iliyokwisha kuingia kwenye damu ya mtoto. Ndiyo maana malalamiko ya mapema yana thamani kuliko kesi ya baadaye.

Hatua za mkazi

Andika tarehe, saa, rangi na harufu ya moshi, umechukua muda gani, na upepo ulikuwa ukielekea wapi. Piga picha ukiwa nje ya kiwanda. Wingu jeupe linalotoweka upesi huenda ni mvuke tu. Moshi mweusi unaoendelea ni dalili ya mafuta yasiyoungua vizuri. Uchafu mwingine, kama chembe za risasi, hauonekani kwa macho, kwa hivyo taja pia maradhi au vumbi geni kwenye mapaa.

Peleka maelezo kwa msimamizi wa wadi, ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo, au ofisi ya NEMA ya kaunti. Baki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Usiporidhika, fika kwa Kamati ya Kitaifa ya Malalamiko ya Mazingira, au Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Katiba haikulazimishi kuthibitisha kwamba wewe binafsi umepata hasara au umeumia.

Na kiwanda kipya kinapopendekezwa, hudhuria vikao vya umma na utoe maoni yako kuhusu ripoti ya athari kwa mazingira. Uliza moshi utachujwa kwa mtambo gani, utapimwa mara ngapi, na matokeo yatapatikana wapi. Ni rahisi zaidi kuweka masharti hayo kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.