Wasiwasi Mmoja, Maradhi Mawili

Wenziwe wako rakaa ya pili, yeye bado yuko bombani anaosha kiwiko kwa mara ya kumi, ngozi imeshaanza kuchubuka. Ukimuuliza, atakwambia ana wasiwasi. Mwengine katoka hapa Jalan Bani Bu Ali, Oman, anakwenda Sur. Njia nyeupe, mara moyo wamwenda mbio, pumzi hazitoshi, anaegesha gari kando akidhani ndiyo anakata roho. Naye, akirudi nyumbani, husema ana wasiwasi.

Kwa Kiarabu waswasi ni mnong'ono. Sisi Waswahili tumelitandaza neno likafunika kila hofu, hata ya mama anayengoja simu ya mwanawe. Tabibu akilisikia, hana budi kuuliza zaidi.

Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alikwisha kuyatenga maradhi haya mawili. Katika kitabu chake cha afya ya miili na nafsi, hofu ina mlango wake na wasiwasi una wake. Mwenye hofu alimshauri aizoeze nafsi kile inachokikimbia, na aweke akiba ya fikra njema siku za uzima, kama watu wawekavyo dawa nyumbani kabla ya kuugua. Basi dereva wetu apimwe kwanza moyo na tezi ya shingo. Vikiwa salama, asiikimbie njia ya Sur: leo kipande kifupi na mtu pembeni, kesho kirefu, halafu peke yake.

Wa bombani ana dawa nyengine, na hapa mafakihi walitangulia kliniki. Yakini haiondoshwi na shaka. Umeosha mara tatu, funga bomba, kasali na shaka yako hiyo hiyo. Dhiki itapanda, itakaa, kisha itashuka yenyewe. Ukirudia kuosha, umeilisha. Tiba ya leo ya maradhi haya imejengwa papo hapo.

Kisomo cha Kurani sikikatai. Ninachokataa ni kumwambia mgonjwa imani yake dhaifu, ilhali Mtume (S.A.W.) mwenyewe akiomba kinga na hamu na huzuni, yaani dhiki ya yajayo na ya yaliyopita. Usingizi ukikatika wiki kwa wiki, au mtu akiwaza kujidhuru, ni hospitali; huko Muscat ipo Al Masarra, ya maradhi ya nafsi.

Na mkewe yule wa bombani, akiulizwa "nimeosha sawasawa?", asimjibu. Amwambie: "Twende, watu washasimama."