Namba 47 Haiko Dukani: Buti ya Pikipiki kwa Mwenye Mguu Mkubwa

Mwenye mguu mkubwa aliyewahi kutafuta buti ya pikipiki Mwanjelwa jijini Mbeya au Mlandege mjini Iringa anaijua kauli hii ya muuzaji: "Kaka, chukua hiyo 45, ukiivaa wiki moja itaachia." Kauli hiyo ni kweli nusu. Ngozi huachia upande wa upana, hasa pale kidole gumba kinapoanzia. Kwa urefu haiachii, kwa sababu soli haivutiki na kisigino kimetiwa kipande kigumu kwa ndani. Buti fupi itabaki fupi mpaka siku utakapoitupa.

Kwenye nyanda za juu kusini, buti fupi huadhibu kwa baridi. Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,700, Iringa karibu 1,600, na alfajiri ya Juni au Julai dereva wa bodaboda anayetoka Uyole au Kihesa hupigwa na upepo ambao mwendo wenyewe huuongezea makali. Kinachotunza joto ndani ya buti ni damu inayotembea vizuri na hewa iliyotulia kuzunguka soksi. Buti inayobana huminya vyote viwili, na ukiongeza soksi ya pili humo ndani ndiyo unazidi kuganda. Mguu uliokufa ganzi hauhisi pedeli ya breki, na mteremko wa Kitonga au wa Iwambi si mahali pa kubahatisha breki.

Wengi wakikosa saizi yao hukata tamaa na kurudi kwenye ndala au yeboyebo. Hapo hatari ni kubwa zaidi. Pikipiki ya bodaboda ina uzito wa zaidi ya kilo 100, na ikianguka ubavu humlalia dereva kwenye kifundo cha mguu, huku lami ikikwangua ngozi na ekzosi ikiunguza muundi. Helmeti tumeisemea sana, na ni haki yake. Miguu tumeisahau.

Kabla ya kwenda sokoni, jipime. Fanya hivyo jioni, kwa kuwa mguu huvimba kidogo mchana kutwa, na uvae soksi nzito utakazoendeshea. Weka karatasi sakafuni, simama juu yake kisigino kikigusa ukuta, kisha weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Pima miguu yote miwili na ufuate ule mkubwa. Chukua urefu kwa milimita, ongeza 15 za nafasi, kisha gawanya kwa 6.67, maana namba za Ulaya hupanda kwa theluthi mbili za sentimita. Mguu wa milimita 300 unakupa 47.2, yaani namba 47, au 48 kama unyayo wako ni mpana. Kwa Uingereza hiyo ni kama 12 na kwa Marekani kama 13, lakini viwanda hutofautiana. Ndiyo maana kipimo cha milimita kina thamani kuliko namba. Buti nyingi za China huandikwa urefu wa mguu kwa milimita kwenye lebo ya ndani, hivyo huna haja ya kukisia.

Sababu ya saizi hizo kuadimika ni ya kibiashara. Buti hutengenezwa juu ya kalibu, yaani umbo la mguu, na kila namba ina kalibu yake. Anayeagiza mzigo hujaza namba zinazotoka haraka, 41 hadi 44, na kuziacha za pembeni kwa sababu jozi moja ya 48 yaweza kukaa rafuni mwaka mzima. Kwa gambuti ni vigumu zaidi, kwani mpira humiminwa kwenye kalibu ya chuma na hakuna fundi wa mtaani awezaye kuirefusha. Gambuti inazuia matope na mvua vizuri, lakini shingo yake pana huteleza na kuvuka mguuni ukianguka, na kifundo haikishiki kabisa.

Njia ya kwanza ya kujaribu ni maduka ya vifaa vya kazi. Mkoa wa Mbeya una wachimbaji wa dhahabu wa Chunya, na Iringa ina wafanyakazi wa misitu ya Sao Hill kule Mufindi, na wote hao huvaa buti ngumu. Mwulize mwenye duka kama anaweza kukuagizia 47 au 48. Buti yenye alama ya EN ISO 20345 ina kinga ya vidole iliyopimwa kwa pigo la jouli 200. Tazama tu kwamba shingo inafunika kifundo, na kwamba pua si nene kiasi cha kushindwa kuingia chini ya pedeli ya gia.

Njia ya pili ni mitumba, na kwa mguu mkubwa mara nyingi ndiyo bora, maana mzigo unatoka Ulaya na Marekani ambako namba hizo ni za kawaida. Mwachie muuzaji simu yako na kipimo chako, akupigie siku ya kufungua belo. Ukiipata, toa soli ya ndani na usimame juu yake: mbele ya vidole ibaki kama sentimita moja hadi moja na nusu. Kisha ikunje buti kwa nguvu na ubonyeze soli kwa dole gumba. Soli nyingi nyepesi za poliyurethani huoza kwa unyevu wa hewa hata kama buti haijawahi kuvaliwa. Ukiona nyufa au unga, iache, maana itaachana na mguu njiani. Buti zenye sura ya kijeshi nazo ziache. Agosti 2023 jeshi la Tanzania, JWTZ, lilitoa siku 7 kwa raia kusalimisha mavazi yanayofanana na sare zake.

Njia ya tatu ni fundi viatu. Fundi mzoefu asiye na kalibu ya 48 huichukua ya 45, akaipachika vipande vya ngozi mbele na pembeni, akavisugua mpaka vifuate umbo la mguu wako, ndipo akavuta ngozi ya buti juu yake. Mwambie aweke soli ya mpira, aishone badala ya kuigundisha tu, na aongeze ngozi mbili pande zote za kifundo.

Anayeweza kuagiza nje atafute alama ya EN 13634, kiwango cha Ulaya cha viatu vya waendesha pikipiki. Hupima urefu wa shingo, ustahimilivu wa kukwanguliwa na wa kukatwa, na ugumu wa buti ikibanwa ubavuni. Kampuni kama Sidi ya Italia hutoa baadhi ya matoleo hadi namba 48 na kuendelea. Kumbuka kuongeza usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 kabla ya kufurahia bei.

Ukishapata buti, pikipiki nayo irekebishwe. Nyingi za bodaboda zina pedeli ya gia yenye ncha mbili, ya vidole na ya kisigino, na buti kubwa hujikuta ikikanyaga ya nyuma bila kukusudia. Fundi hulegeza bolti, huchomoa pedeli kwenye meno ya shafti na kuirudisha jino moja juu kwa mbele; ya nyuma hushuka, kisigino kikapata nafasi. Pedeli ya breki nayo irekebishwe ifuate unene wa soli mpya, usije ukaikandamiza muda wote bila kujua. Jaribu gia zote uwanjani kabla ya kupakia abiria.

Ukilazimika kuchagua kati ya buti ya pikipiki ya bei mbaya inayokubana na buti ya kazi ya mtumba inayokutosha na kufunika kifundo, chukua ya mtumba. Na wewe muuzaji, kaka au dada, mteja akikutajia milimita 300, usimuuzie 45.