Chemsha Bongo na Jumuiya za Mtandaoni: Namna ya Kunoa Ujuzi wa Kuunda Tovuti

Siku hizi mtu mwenye simu janja na bando dogo anaweza kuanza kujifunza kuunda tovuti bila kulipa ada. Masomo yapo tele. W3Schools imekuwepo tangu mwaka 1998. MDN, iliyoanzishwa na Mozilla mwaka 2005, ina maelezo ya kina ya lugha zote za tovuti. freeCodeCamp, iliyoanzishwa na Quincy Larson mwaka 2014, inafundisha bure hatua kwa hatua.

Hata hivyo, wengi wanaoanza hufika mahali wakakwama. Wanasoma somo na kulielewa, lakini wakiachwa na ukurasa mtupu hawajui waanzie wapi. Katika makala hii tunaeleza njia mbili za kuvuka hapo: maswali ya chemsha bongo na jumuiya za mtandaoni. Chemsha bongo hukuonyesha usichokijua, na jumuiya hukueleza kwa nini. Ukiitumia moja ukaiacha nyingine, utabaki nusu njia.

Lugha tatu za msingi

Mtandao wa tovuti ulibuniwa na Tim Berners-Lee, ambaye mwaka 1989 alipeleka pendekezo lake kwenye kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva. Leo lugha tatu ndizo msingi wa kurasa za tovuti. HTML hupanga maudhui: kichwa cha habari, aya, picha, fomu. CSS hushughulikia mwonekano: rangi, ukubwa wa herufi, mpangilio. JavaScript, iliyoandikwa mara ya kwanza na Brendan Eich mwaka 1995, huufanya ukurasa utende kazi, kwa mfano kukokotoa jumla au kukagua fomu kabla haijatumwa.

Lugha hizi zinasomeka kwa urahisi, na hapo ndipo mtego ulipo. Mtu huona mfano, akauelewa, akadhani ameshaujua.

Kwa nini swali linafundisha kuliko kurudia kusoma

Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Wanafunzi walipewa maandishi ya kusoma. Baadhi waliyasoma tena, na wengine walijaribu kuyakumbuka bila kuyatazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kusoma tena humfanya mtu ajisikie anajua, lakini kujiuliza ndiko kunakoyaweka maarifa mahali pa kudumu.

Tuchukue mfano. Tuseme parokia ina ukurasa wa kujumlisha michango ya ujenzi. Mhasibu anaandika 5000 kwenye kisanduku cha kwanza na 2000 kwenye kisanduku cha pili. JavaScript inachukua kilichoandikwa katika visanduku hivyo na kuviunganisha kwa alama ya +. Je, kwenye skrini kitaonekana nini?

a) 7000
b) 50002000
c) Ujumbe wa kosa

Wengi huchagua (a). Jibu sahihi ni (b). Chochote kinachoandikwa kwenye kisanduku cha fomu huifikia JavaScript kama maandishi, hata kama ni tarakimu tupu. Alama ya + kati ya maandishi mawili maana yake ni kuyaunganisha, kama vile kuunganisha «ba» na «ba» ukapata «baba». Ili kupata 7000 ni lazima kwanza uyageuze maandishi kuwa namba, kwa mfano kwa kutumia Number().

Sasa weka alama ya - badala ya +. Utapata 3000, jibu sahihi kabisa! Alama ya kutoa haina kazi nyingine zaidi ya hesabu, kwa hiyo JavaScript huyageuza maandishi kuwa namba yenyewe. Mtu aliyejaribu ukurasa wake kwa kutoa tu angeamini kwamba kila kitu kiko sawa, mpaka siku waumini watakaposomewa jumla ya shilingi milioni hamsini na kuuliza fedha ziko wapi. Swali moja la chemsha bongo lingemwonya mapema.

Mfano mwingine: katika JavaScript, 0.1 + 0.2 si sawasawa na 0.3. Jibu linalotoka ni 0.30000000000000004, kwa sababu kompyuta huhifadhi desimali kwa mfumo wa tarakimu mbili, 0 na 1, na baadhi ya desimali haziwezi kuandikwa kikamilifu kwa mfumo huo. Ndiyo maana wanaoandika programu za fedha hupendelea kuhesabu senti kwa namba nzima.

Mahali pa kujipima si haba. W3Schools ina majaribio mafupi ya kila lugha. Codewars hutoa mafumbo yaliyopangwa kwa viwango, kuanzia kyu 8 kwa wanaoanza hadi kyu 1 kwa mabingwa, na ukishapata jibu unaonyeshwa jinsi wengine walivyotatua fumbo lilelile. Exercism ina mazoezi ya bure pamoja na wakufunzi wanaojitolea kuipitia kazi yako.

Tunashauri mambo matatu unapojipima. Jibu kabla ya kuiendesha kodi kwenye kompyuta. Andika sentensi moja kueleza kwa nini umechagua jibu hilo. Kisha, maswali uliyokosa, yarudie baada ya siku chache, si papo hapo.

Jumuiya: mahali pa kuuliza «kwa nini»

Chemsha bongo ina mpaka wake. Inakuambia kwamba umekosa, lakini haijui tatizo la ukurasa wako. Hapo ndipo jumuiya inapohitajika.

Inayojulikana zaidi ni Stack Overflow, iliyoanzishwa na Jeff Atwood na Joel Spolsky mwaka 2008. Mtu huuliza, wengine hujibu, na wasomaji hupiga kura. Jibu likipigiwa kura ya kuungwa mkono, mwandishi wake hupata pointi 10. Likikubaliwa na aliyeuliza, hupata 15. Kwa njia hii majibu mazuri hupanda juu.

Wageni wengi huumia wanapoona swali lao limefungwa kwa sababu lilishaulizwa. Ni vizuri kuelewa kwamba pale si kijiwe cha mazungumzo, bali ni ghala la maswali na majibu. Tafuta kwanza, kisha uulize.

Lakini jinsi ya kuuliza nayo ni elimu. «Kodi yangu haifanyi kazi, nisaidieni haraka» ni swali lisilojibika. Swali zuri lina mambo manne: ulitaka nini kitokee, ni nini kimetokea, umeshajaribu nini, na kipande kifupi cha kodi ambacho mtu mwingine akikiendesha ataliona kosa lilelile. Mara nyingi, wakati wa kuipunguza kodi ya mistari mia tatu ibaki kumi, mwenye swali hulibaini kosa mwenyewe kabla hajatuma.

Lugha ni kikwazo cha kweli. Majukwaa makubwa hutumia Kiingereza, na Stack Overflow ina matawi ya Kireno, Kirusi, Kihispania na Kijapani, lakini haina la Kiswahili. Anayetaka kuuliza kwa Kiswahili anaweza kuanzia kwenye jukwaa la teknolojia la JamiiForums, au kuunda kundi dogo la wenzake watano au sita wanaojifunza pamoja. Kundi la namna hiyo lina faida nyingine: humo hata anayeanza hupata nafasi ya kujibu. Na anayejaribu kumweleza mwenzake kwa nini 5000 na 2000 zimekuwa 50002000 hatalisahau tena.

Tahadhari

Kwanza, usinakili usichokielewa. Kabla ya kubandika kodi ya mtu mwingine, isome mstari kwa mstari mpaka uweze kuieleza. Majibu ya Stack Overflow hutolewa kwa leseni inayodai mwandishi atajwe, kwa hiyo kumtaja ni haki yake.

Pili, linda siri. Kabla ya kuweka kodi hadharani, ondoa manenosiri, funguo za hifadhidata, na majina au namba za simu za waumini. Kilichowekwa hadharani hakirudi.

Tatu, pima majibu ya akili bandia. Desemba 2022 Stack Overflow ilipiga marufuku majibu yaliyoandikwa na ChatGPT, ikieleza kwamba mengi yalionekana mazuri ilhali yalikuwa na makosa. Chombo hicho kinaweza kukusaidia, lakini mwenye kuwajibika kwa ukurasa ni wewe.

Tuanzie wapi?

Huna haja ya saa nyingi. Siku tatu za wiki, jibu maswali matano ya chemsha bongo. Siku ya nne, chukua moja ulilokosa ulifanyie utafiti mpaka uelewe. Siku ya tano, msaidie mtu mmoja kwa swali unaloliweza. Siku ya sita, jenga kitu kidogo cha kweli: ratiba ya misa, orodha ya nyimbo za kwaya, fomu ya michango. Chemsha bongo na jumuiya havikuundi kuwa fundi pasipo kazi ya mikono. Na ukishaikamilisha fomu hiyo ya michango, andika 5000 na 2000, uone inakujibu nini.