Tshopo: Sabuni inatoa petroli ndani ya jiwe, lakini si kila jiwe

Sufuria iliyopikiwa sombe kwa mawese haisafishwi na maji matupu. Kila mama wa Kisangani analijua hilo: maji yanateleza, mafuta yanabaki. Tia sabuni kidogo, mafuta yanaachia.

Kwenye visima vya petroli kazi ni ile ile. Petroli haikai chini ya ardhi kama ziwa. Imejificha katika matundu madogo sana ya jiwe. Kisima kikichimbwa, hupanda kwanza kwa nguvu yake. Ikipungua, kampuni husukuma maji ndani. Hata hivyo, mara nyingi zaidi ya nusu hubaki chini: matone yamenaswa, maji yanayazunguka na kupita.

Hapo ndipo huingizwa safaktanti, dawa ya ukoo mmoja na sabuni. Upande mmoja wa chembe yake unapenda maji, mwingine unapenda mafuta. Ikikaa katikati, mvutano unaovitenga viwili hivyo hushuka mara elfu na zaidi; tone linalegea, linajinyoosha, linapenya. Huko Daqing, China, huchanganywa na soda pamoja na polima, inayofanya maji yawe mazito yasikimbilie njia rahisi. Ni dawa ya bei. Jiwe lenyewe hunyonya sehemu yake, na chumvi ya maji ya chini huiharibu. Watengeneza sabuni wetu hawatashangaa: ukitia chumvi nyingi, sabuni hujitenga na maji.

Tshopo inahusika vipi? Mei 2025 serikali ilifungua vitalu 52 vya petroli katika Cuvette Centrale, baada ya mnada wa 2022 kufutwa Oktoba 2024. Tena, tangu wakati wa Wabelgiji inajulikana kwamba kandokando ya mto, kati ya Kisangani na Ubundu, kuna mawe ya tabaka yanayoweza kutoa mafuta. Wanajiolojia waliyapa jina la Stanleyville.

Lakini ndani ya mawe hayo hamna tone la kuachia. Kilichomo ni kerojeni, masalia ya viumbe wa kale ambayo bado hayajapikika kuwa petroli. Kuyageuza ni kulichoma jiwe hadi karibu digrii 500. Sabuni haifanyi kitu hapo.

Na katika Cuvette Centrale yote, visima vinne vya uchunguzi vilivyochimbwa kati ya miaka ya 1950 na 1981 havikupata petroli ya kuuza. Anayekuja kijijini na ahadi ya dawa ya kutoa petroli aulizwe kwanza kisima kiko wapi. Nchini kwetu visima vizee, vyenye mafuta yaliyonaswa, viko Muanda, ambako petroli ya baharini inatolewa tangu 1975.