GARI LA UMEME LA MTUMBA: HESABU YA SHINYANGA NA GEITA

KILA Jumatano ya kwanza ya mwezi Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za mafuta, na kila mwezi wenye magari wa Shinyanga, Kahama na Geita hupiga hesabu upya. Petroli hushushwa bandarini pwani, kisha husafirishwa kwa malori mamia ya kilomita hadi Kanda ya Ziwa. Gharama ya safari hiyo huongezwa kwenye kila lita, ndiyo maana bei ya pampu ya Geita huwa juu kuliko ya Dar es Salaam.

Umeme hauna nauli ya namna hiyo. Uniti moja ya TANESCO huuzwa kwa bei ile ile kwa mteja wa daraja moja, awe Kariakoo au Katoro. Kwa hiyo, kadiri mtu anavyokaa mbali na pwani, ndivyo gari la umeme linavyozidi kuwa na faida ya matumizi dhidi ya gari la petroli. Hii ndiyo hoja ya kwanza kwa mfanyabiashara anayefikiria kuagiza gari la umeme lililotumika kwa ajili ya kwenda kazini na kurudi.

Hata hivyo, faida hiyo yaweza kumezwa yote na betri iliyochoka. Gari la petroli likizeeka hula mafuta zaidi lakini hufika. Gari la umeme likizeeka hupungukiwa umbali, na umbali ndio bidhaa yenyewe inayonunuliwa.

GARI LENYEWE

Gari la umeme la mtumba linalopatikana kwa wingi katika minada ya Japani ni Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa Desemba 2010. Usukani wake uko kulia, jambo linaloliweka sawa na sheria za barabarani za Tanzania. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na betri ya uniti 24. Baadaye ikaja betri ya uniti 30, na toleo la pili la mwishoni mwa 2017 likaja na betri ya uniti 40. Uniti hizi ni zile zile zinazosomwa kwenye mita ya LUKU.

Kwenye dashibodi kuna vipimo viwili visivyopaswa kuchanganywa. Kimoja huonyesha kiasi cha chaji kilichomo kwa sasa. Kingine, chenye vijiti vidogo 12, huonyesha uzima wa betri. Kijiti cha kwanza hupotea betri inapokuwa imepoteza asilimia 15 hivi ya uwezo wake, na kila kinachofuata ni asilimia 6 na ushei. Gari lenye vijiti 8, kwa hiyo, limebaki na thuluthi mbili tu ya betri yake.

Udhaifu mkubwa wa Leaf ni kwamba betri yake haina mfumo wa kuipoza kwa maji. Joto huichakaza. Mnunuzi wa Shinyanga, ambako jua ni kali na kiangazi ni kirefu, hana budi kulitilia maanani jambo hilo kuliko mnunuzi wa mahali pa baridi.

UMBALI WA KWELI

Leaf kwa mwendo wa wastani hutumia uniti 17 hivi kwa kilomita 100. Mwendo wa kasi kwenye lami huongeza matumizi, na kiyoyozi huongeza pia.

Chukua gari la uniti 24 lenye vijiti 8. Betri imebaki na uniti 16, sawa na kilomita 94 kwa hesabu ya juu. Dereva mwenye busara habakizi chini ya moja ya tano ya chaji, hivyo umbali wa kutegemea ni kilomita 75. Gari hilo linatosha kwa mizunguko ya mjini Shinyanga au Geita. Halitoshi kutoka Shinyanga hadi Kahama, safari inayozidi kilomita 100.

Gari la uniti 40 lililobaki na asilimia 85 lina uniti 34. Hizo ni kilomita 200 kwa hesabu ya juu, na kilomita 160 za kutegemea. Litafika Kahama bila wasiwasi, lakini kurudi siku hiyo hiyo kunahitaji kuchaji huko. Hali kadhalika kwa anayetoka Geita kwenda Mwanza. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko, lakini kilomita hazikupungua.

GHARAMA YA MWEZI

Mfano ufuatao ni wa mtu anayesafiri kilomita 40 kwa siku, kwenda na kurudi, kwa siku 26 za mwezi. Jumla ni kilomita 1,040. Kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea wakati wa kuchaji, mita itasoma uniti 20 hivi kwa kila kilomita 100. Bei ya petroli imekadiriwa kuwa Sh. 3,000 kwa lita; msomaji aweke bei ya mwezi wake. Bei ya umeme ni Sh. 292 ya daraja la T1 iliyopangwa na EWURA mwaka 2016, ambayo pamoja na kodi na tozo hufika Sh. 356.

Gari la petroli, kilomita 10 kwa lita: lita 104, Sh. 312,000.
Gari dogo la petroli, kilomita 14 kwa lita: lita 74, Sh. 222,000.
Gari la umeme: uniti 208, Sh. 74,000.

Akiba ni kati ya Sh. 148,000 na Sh. 238,000 kwa mwezi. Mwenye gari la umeme hanunui tena oili ya injini, plagi wala chujio la mafuta. Breki nazo hudumu zaidi, kwa sababu mota yenyewe husaidia kupunguza mwendo na kurudisha umeme kidogo kwenye betri.

MTEGO WA DARAJA LA D1

Kuna gharama moja ambayo wengi hawaipigii hesabu. Mteja mdogo wa TANESCO wa daraja la D1 hulipa Sh. 100 kwa uniti, au Sh. 122 pamoja na kodi na tozo, mradi matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi. Uniti zinazozidi hapo hutozwa Sh. 350 kabla ya kodi.

Gari likianza kuchajiwa kwenye mita hiyo, daraja hilo halimfai tena mwenye nyumba. Kaya iliyokuwa ikitumia uniti 60 kwa Sh. 7,320 itazilipia uniti hizo hizo Sh. 21,360 ikihamia T1. Ni nyongeza ya Sh. 14,040 kila mwezi kwa taa, friji na pasi ambazo hazikubadilika. Si kiasi cha kufuta faida, lakini kinapaswa kuandikwa kwenye daftari. Kwa mpangaji anayechangia mita na wenzake, ni chanzo cha ugomvi.

KUCHAJI NYUMBANI

Safari ya kilomita 40 huhitaji uniti 8 kurudishwa kwenye betri. Kwa soketi ya kawaida inayotoa ampia 10, kazi hiyo huchukua saa tatu na nusu. Gari likichomekwa saa nne usiku huwa tayari kabla ya alfajiri, hata umeme ukikatika saa moja au mbili katikati.

Soketi ya Sh. elfu chache isitumike. Pasi huwaka na kuzima, lakini gari huvuta umeme mfululizo kwa saa nyingi, na soketi hafifu huyeyuka. Fundi umeme mwenye leseni avute waya wake peke yake kutoka kwenye bodi ya swichi, wenye unene wa kutosha, swichi yake ya kujikata, na waya wa ardhi uliopimwa. Waya wa ardhi ni suala la uhai.

Magari ya Japani hutoka na waya wa kuchajia wa volti 100 au 200, ilhali umeme wa Tanzania ni volti 230. Mnunuzi ahakikishe kifaa chake kimeandikwa kuwa kinastahimili volti hizo, la sivyo anunue kingine kinachofaa. Tundu la kuchaji kwa kasi la Leaf ni la mfumo wa CHAdeMO wa Kijapani, ambao watengenezaji wengi wameuacha. Asinunue kwa matumaini ya vituo vya kasi. Anunue kwa hesabu ya soketi ya nyumbani.

Kuhusu jenereta, hesabu ni fupi. Jenereta ndogo ya petroli hutoa uniti 2 hivi kwa lita. Uniti 20 za kilomita 100 zitakula lita 10, sawa kabisa na gari la petroli. Faida yote imekwisha.

Jua ni jambo jingine. Paneli za kilowati 2 zaweza kutoa uniti 8 kwa siku nzuri ya Shinyanga. Tatizo ni kwamba mchana gari liko kazini. Paneli, kwa hiyo, zinamfaa mwenye duka, mashine ya kukoboa au gereji anayeegesha hapo hapo, kuliko mwajiriwa anayeziweka juu ya paa la nyumba.

UMEME UPO?

Kwa upande wa ugavi, hali si ile ya miaka ya mgao. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115 lilianza kuzalisha mwaka 2024. Shinyanga iko kwenye njia kuu ya umeme wa msongo wa kilovolti 400 itokayo Iringa kupitia Dodoma na Singida. Geita nayo imeunganishwa kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Bulyanhulu.

Tatizo lililobaki kwa mnunuzi ni la mtaani: nguzo, transfoma iliyoelemewa, na volti zinazoshuka jioni wakati mashine za kusaga na friji zote ziko kazini. Apime volti za nyumba yake usiku kabla ya kuagiza gari.

KUNUNUA BILA KUUZIWA MBUZI KWENYE GUNIA

Picha ya dashibodi, gari likiwa limewashwa na vijiti vya uzima vikionekana, ni ya lazima kabla ya kutuma fedha. Hata hiyo haitoshi. Kompyuta ya betri yaweza kufutwa kumbukumbu ili vijiti vyote 12 vionekane kwa muda, kisha vianze kupotea mnunuzi akiwa ameshalipa. Kipimo cha uhakika zaidi ni programu ya LeafSpy, inayosoma hali ya betri kupitia simu na kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya dashibodi.

Aidha, ushuru huangalia umri wa gari. Matoleo ya uniti 24 ya mwanzo yamekwisha kupita miaka 10, na gari la umri huo hubanwa zaidi na kodi ya uchakavu. Matokeo yake ni kwamba gari la bei ndogo kule Japani ndilo lenye betri dhaifu na mzigo mkubwa wa kodi hapa. Kikokotoo cha magari yaliyotumika cha TRA kitumike kabla ya mnada, si baada ya meli kutia nanga.

Betri ya Leaf imelazwa chini ya sakafu. Barabara za makorongo za kuelekea machimboni hazilifai gari hilo. Na fundi wa mtaani asiguse nyaya za rangi ya machungwa. Zina volti zaidi ya 300.

FAIDA INARUDI LINI?

Ikichukuliwa kuwa gari la umeme limemgharimu mnunuzi Sh. milioni 6 zaidi ya gari la petroli la hadhi yake, akiba iliyotajwa itazirudisha baada ya miezi 25 hadi 40. Swali la msingi ni je, betri itakuwa bado inatosha wakati huo?

Gari la vijiti 8 likipoteza asilimia 4 ya uwezo kila mwaka, baada ya miaka mitatu litabaki na umbali wa kutegemea wa kilomita 61. Bado litamudu kilomita 40 za kila siku. Lakini siku ya kuliuza, mnunuzi mwingine naye atahesabu vijiti. Mtaji huo usitegemewe kurudi kwa kuuza. Urudi kwa kuendesha. Anayesafiri kilomita 10 tu kwa siku hatauona ukirudi kamwe.

Wanaofikiria teksi watazame Nairobi. Kampuni ya NopeaRide, iliyoanza mwaka 2018 ikitumia magari ya umeme yakiwemo Leaf, ilifunga shughuli mwishoni mwa 2022 baada ya kampuni mama ya Finland kukosa fedha. Umeme kuwa rahisi hakukuwa kinga dhidi ya ukosefu wa mtaji.

Wanaofikiria kuuza chaji nao wapige hesabu. Anayenunua uniti kwa Sh. 356 na kuiuza Sh. 600 hubaki na Sh. 1,952 kwa gari lililochukua uniti 8. Bila magari ya kutosha mtaani, fedha hiyo hailipi hata mlinzi. Isitoshe, kuuza umeme ni jambo la kuonana kwanza na TANESCO na EWURA.

Kwa ujumla, gari la umeme la mtumba linamfaa mtu wa Shinyanga, Kahama au Geita mwenye mambo manne: safari ya kila siku ya kati ya kilomita 30 na 60, barabara ya lami, mita yake mwenyewe, na gari la pili au nauli ya basi kwa safari ndefu. Anayekosa moja kati ya hayo abaki na petroli kwa sasa, na fedha yake aizungushe kwenye pamba, mpunga au duka.