Kikundi Chenu Kinataka Kinubi? Nunueni kwa Akili



Vikundi vya vijana na kwaya vimeuliza: tukitaka kujifunza vinubi vyetu vya kiasili, tununue kipi bila kupoteza michango? Swali ni zuri. Wazee wanaojua kupiga hawatakaa milele. Tena pesa za kikundi zikiishia kwa chombo kisicholia, watu huvunjika moyo na hata kuchanga tena wanakataa.

1. Vijueni kwanza

Nyatiti ya Waluo ina nyuzi 8. Litungu ya Wabukusu ina nyuzi 7. Obokano ya Wakisii ina nyuzi 8, lakini ni kubwa na sauti yake ni nzito. Mtoto hawezi kuibeba kwa urahisi. Hivi vitatu ni ndugu: bakuli la mti lililofunikwa ngozi, mikono miwili, na mti uliokingama juu. Adungu ya Uganda ni tofauti. Shingo yake imepinda kama upinde, na nyuzi hukazwa kwa vigingi.

Basi mchague kipi? Chagueni kile ambacho mwalimu wake yuko karibu nanyi. Chombo bila mwalimu ni pambo la ukutani tu.

2. Msinunue kwa macho

Vingine huchongwa na kupakwa rangi ili mtalii avipeleke kwao kama ukumbusho. Vinapendeza, lakini havikutengenezwa vipigwe. Nendeni kwa fundi ambaye yeye mwenyewe ni mpigaji, ama mwende na mpigaji. Angalieni haya:

- Bakuli lisiwe na ufa, wala vitundu vinavyotoa unga. Huo unga ni kazi ya wadudu.
- Ngozi iwe kavu na imekaza. Igongeni kwa kidole. Ikilegea, sauti itakufa.
- Mikono isicheze ukiitikisa.
- Pigeni uzi mmoja mmoja. Mvumo si lazima uwe ubovu, kwani nyatiti na obokano huvuma kwa asili. Ubovu ni uzi usiotoa sauti kamwe.
- Mwambieni fundi akaze nyuzi, mpige gumzo dakika kumi, halafu apige tena. Ikiwa sauti zimeshuka sana, pete zilizoshika nyuzi kwenye mti wa juu zinateleza. Arekebishe kabla hamjalipa.

Zamani nyuzi zilitoka kwa mishipa ya wanyama. Siku hizi wengi hutumia nailoni ya kuvulia samaki, ambayo ni rahisi kupata. Msiidharau.

3. Msimalize pesa zote kwa chombo

Tuseme wanachama 20 wanachanga shilingi 200 kila mwezi kwa miezi 3. Mtapata shilingi 12,000. Wekeni kando robo, yaani shilingi 3,000, kwa nyuzi za akiba na shukrani ya mwalimu. Mkipatana bei ya chombo, hesabuni kwa ile 9,000 iliyobaki. Ikiwa haitoshi, subirini mwezi mmoja zaidi kuliko kukopa. Mweka hazina achukue risiti, au fundi aandike na kutia sahihi.

Chombo kikifika, kisiachwe kwenye mvua, jua kali wala mahali penye panya. Mtu mmoja apewe jukumu la kukitunza.

4. Wasichana je?

Kwa mila, nyatiti ilikuwa ya wanaume. Lakini Eriko Mukoyama kutoka Japani, anayeitwa Anyango, alijifunza nyatiti Siaya na huipiga hadharani. Ikiwa mgeni aliweza, binti zetu wanaochanga kama wengine wasiketi pembeni. Zungumzeni na wazee kwa heshima, mapema, kabla ya kununua.

5. Kanisani

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Liturujia ya mwaka 1963, uliruhusu ala zinazofaa ibada kwa kibali cha wenye mamlaka. Kwa hiyo mwoneni paroko kwanza, msimshtukize Jumapili asubuhi.

Haba na haba hujaza kibaba. Anzeni na kinubi kimoja kizuri, watu watatu au wanne wakijifunza kwa zamu.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Hapa kwetu ni nani bado anajua kupiga au kutengeneza kinubi?
2. Tumeshamtembelea na kumwomba atufundishe?
3. Nani atakitunza, na nani atafundishwa kwanza?