Gundi Iliyobeba Ndege ya Mbao

Tukitaja ndege za vita, wengi hufikiria alumini. Lakini Mosquito ya Uingereza, mojawapo ya ndege zilizosifika kwa kasi katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ilijengwa kwa mbao. Iliruka mara ya kwanza tarehe 25 Novemba 1940, na kati ya walioiunda walikuwamo maseremala wa samani.

Ganda lake lilikuwa la tabaka: balsa nyepesi katikati, mbao nyembamba ngumu pande zote mbili, vyote vikishikwa na gundi. Mwanzoni ilitumika gundi ya kaseini, itokanayo na maziwa. Na maziwa ni maziwa: penye unyevu, kuvu na bakteria huyala hata yakiwa gundi. Baadaye ikaja gundi ya fomaldehaidi, inayovumilia maji zaidi.

Mwaka 1944 huko India, Mosquito kadhaa zilivunjika mabawa angani, na waliokuwamo wakafa. Nyingine zikazuiwa kuruka. Lawama ilielekezwa kwenye joto na mvua za monsuni. Ni kweli kwamba mbao huvimba zikinyonya maji na kusinyaa zikikauka, na maungio huteseka. Lakini wachunguzi walipokagua ndege ambazo hazijawahi kuonja mvua za India, walikuta kasoro zilezile: kazi ya kugundisha kiwandani haikuwa ya kiwango. Hata hivyo wakuu waliendelea kusema ni hali ya hewa hasa, imani katika ndege hiyo isipungue. Hapo mvua ilisingiziwa, naona.

Wajerumani nao waliunda ndege ya mbao, Ta 154. Kiwanda cha gundi yake kule Wuppertal kilipigwa mabomu mwaka 1943. Gundi mbadala ilikuwa na asidi iliyokula mbao zenyewe. Ndege zikaanguka, na mradi ukaachwa mwaka 1944.

Vita vilipokwisha, alumini ingeweza kuyeyushwa ikawa sufuria. Mbao zilizogundishwa nani azitake? Mosquito nyingi zilinyofolewa injini na vyuma, kisha zikachomwa moto au kuachwa zioze. Zilikuwa zimeundwa zaidi ya 7,700. Leo zimebaki chache mno.

Mafundi wa New Zealand waliporusha moja tena mwaka 2012, walilazimika kutengeneza upya sehemu kubwa ya mbao zake, kwa kalibu mpya na gundi ya kisasa.